Teke la Bunduki ya Mia Tatu

Ardis Bakkehaug alikuwa na kovu bichi juu ya jicho la kulia, lililopinda kama mwezi mwandamo, na mjini Tolliver hakuna mtu mzima aliyehitaji kuuliza limetoka wapi. Walilitazama, wakatabasamu kidogo, wakaendelea na habari zao. Watoto wa shule peke yao ndio waliouliza. Ardis alikuwa mpishi wao kwa mwaka wa kumi na tisa, na siku moja alipokuwa akigawa viazi vya kuponda, msichana wa darasa la pili alimkazia macho akasema, "Bi Ardis, nani amekupiga?"

"Bunduki."

"Kwa nini?"

Ardis akamwongezea mtoto kijiko cha mchuzi, akamwambia asogee, wenzake wana njaa.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya marehemu baba mkwe wake, ya kaliba, yaani ukubwa wa risasi, ya mia tatu, ile wanayoiita magnum, ambayo risasi yake ni ndefu kuliko kidole. Kwa miaka ishirini na sita Ardis aliishi nayo nyumba moja bila kuigusa. Mumewe, Orrin, ndiye aliyepanda nayo mlimani kila Novemba akashuka na elki, yule kulungu mkubwa kama ng'ombe, na nyama hiyo ndiyo waliyokula mpaka theluji ya mwaka uliofuata. Ardis yeye alijiwindia kulungu wake mmoja tu, kando ya shamba la majani ya ng'ombe, kwa bunduki ndogo ya mia mbili arobaini na tatu, ambayo teke lake, ule msukumo wa kurudi nyuma inapolia, halizidi kugongwa bega na mtu mwenye haraka.

Kisha gogo likamwangukia Orrin kwenye kiwanda cha mbao. Alipona, kwa maana kwamba aliweza kuketi, na kutembea hadi kwenye sanduku la barua na kurudi. Mlima ulikuwa umekwisha kwake. Ndani ya friza kulibaki pakiti nne za nyama ya kusaga na mfupa mmoja wa supu. Mwezi wa sita jina la Ardis likatoka katika bahati nasibu ya vibali vya kuwinda: elki mmoja jike, bonde la Kijito cha Seremala. Watu walimpongeza kanisani. Yeye aliingia chooni akajifungia humo mpaka walipotawanyika. Mwezi wa tisa aliijaribu ile ya mia tatu kwa mara ya kwanza, na teke lake likamrudishia usoni darubini iliyofungwa juu yake, ikampasua juu ya jicho.

Hakuwa anaogopa mlima, wala baridi. Alipokuwa na miaka kumi na minne baba yake alimpa bunduki kubwa kuliko yeye. Akafumba macho, akavuta, na kulungu jike akakimbia taya likining'inia. Walimfuata mchana kutwa. Baba hakumgombeza, kila walipokuta tone la damu alisimama tu, akamsubiri mpaka naye alione. Hawakumpata. Mnyama mwenye taya lililovunjika hali, na Ardis, katika umri wa miaka hamsini na moja, bado alikuwa akihesabu ni siku ngapi yule kulungu alikaa bila kula.

Kwa hiyo swali la kaliba, ambalo wanaume wa Tolliver huulizana mwezi wa Oktoba kama watu wanavyojuliana hali, kwake halikuwa mazungumzo. Kulungu huanguka kwa risasi ndogo. Elki jike ana kilo mia mbili na zaidi, na mbavu nene. Ukimpiga na kitu kidogo, ataondoka nacho mwilini. Ukimpiga na kitu kikubwa kinachokutisha, utampiga mahali pabaya, na ataondoka vilevile.

"Shemeji, elki si sungura," alisema Verlin, mdogo wake Orrin, mtu wa mabega mapana aliyeendesha gari la kusukuma theluji barabarani. "Ukimpiga na kale kabunduki kako, atageuka akuulize una shida gani."

"Na hii kubwa ikinipasua uso tena?"

"Hukuishika vizuri. Ikumbatie, kama unavyomkumbatia mumeo."

"Mume wangu hanipigi teke, Verlin."

Orrin alicheka, kisha akaacha, kwa sababu mgongo haukumruhusu kumaliza kicheko.

Walikuwa kwenye shimo la kokoto nje ya mji, Jumamosi, wiki mbili kabla ya msimu. Huko ndiko kila mtu huenda kupima shabaha. Orrin alikaa kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, na mifuko ya koti lake ilikuwa imevimba kwa risasi.

"Lete, nikujazie mimi," alimwambia mkewe. Akageuka upande, akatia, akafunga komeo, akamrudishia.

Ardis aliweka shavu kwenye mti wa bunduki. Kovu likaanza kumwasha. Ndani ya darubini, karatasi ya shabaha yenye duara ilipanda na kushuka pamoja na pumzi yake. Alivuta.

Ikalia *tik*. Hapakuwa na mlipuko, wala teke. Lakini mdomo wa bunduki ulikuwa umeinama kuelekea chini, na macho yake yalikuwa yamefumba. Alilijua hilo pale alipoyafumbua.

"Shemeji!" Verlin alipiga paja lake. "Umeua fuko!"

Orrin hakucheka. Alifungua komeo, na ganda tupu, la risasi iliyokwisha kupigwa, likaanguka kwenye kokoto. "Umeona?"

"Nimeona."

"Bunduki haikosei. Mwili ndio unaokimbia kabla ya kupigwa."

"Nijazie na mimi nimwonyeshe," alisema Verlin, akivua glavu. "Baba alinifundisha na hiyohiyo."

Orrin alimtazama ndugu yake kwa muda. Kisha mkono wake ukaingia mfukoni, mle ambamo risasi nzima na maganda matupu vilikaa pamoja.

Verlin alilenga kama mtu wa kwenye picha. *Tik.* Mdomo wa bunduki ukatumbukia chini kuliko wa Ardis. Bega lote lilirukia mbele, na uso wa mtu yule mkubwa ulikuwa umejikunja kama wa mtoto anayesubiri sindano.

Orrin akafungua komeo tena. Ganda la pili likaanguka karibu na la kwanza.

"Tangu lini?" aliuliza Orrin kwa upole.

"Tangu lini nini?"

"Verlin."

Verlin aliilaza bunduki mezani taratibu, akachukua chupa yake ya kahawa, akaenda zake na pikapu.

Kesho yake Ardis alivuka barabara hadi kwa Bi Leota, mjane wa miaka sabini na minane aliyetembea kwa fimbo mbili na bado akipasua kuni zake mwenyewe. Juu ya mlango wa jikoni kulikuwa na bunduki ya mia mbili sabini, rangi imekwisha pale mkono unaposhika.

"Elki wangu wote wamekufa kwa hii," alisema Bi Leota. "Wapo waliokwenda hatua kumi, wapo waliokwenda hamsini. Hakuna aliyelala porini usiku ananisubiri. Verlin anasemaje?"

"Anasema ni bunduki ya wanawake."

"Basi? Wewe ni nani?"

Kwa wiki mbili Ardis alirudi kwenye shimo la kokoto kila alipotoka shuleni. Orrin alijaza, akichanganya: nzima, ganda, ganda, nzima. Ardis hakujua kamwe ipi ni ipi. Alitumia ile ya Bi Leota, ya mia mbili sabini, aliyoiazima, yenye teke la kuvumilika, ingawa halikuwa la kuchezea. Siku ya nne mdomo wa bunduki ulitikisika tu. Siku ya tisa ulitulia, hata kwenye ganda tupu. Hofu haikuondoka, ilikuwa imesogea ikakaa tumboni badala ya begani.

"Hatua mia na hamsini," alisema Orrin. "Zaidi ya hapo huna bunduki. Umebeba fimbo."

Verlin alikuja alfajiri ya Jumamosi kama alivyoahidi tangu kiangazi, maana huko mtu hapandi mlimani peke yake, na Orrin hakuweza. Hakuligusia shimo la kokoto. Bega lake lilibeba ile ya mia tatu. Mikanda yao yote miwili ilikuwa na makopo ya pilipili ya kumpulizia dubu.

Nyayo za dubu walizikuta saa mbili asubuhi, zimekatiza njia, kila moja pana kama sahani, kingo zake hazijaganda bado.

"Amepita sasa hivi," Verlin alinong'ona.

"Tugeuke?"

"Ukitaka."

Ardis alitazama nyuma, halafu mbele. Dubu wa bonde lile walikuwa wamejifunza kwamba mlio wa bunduki una maana ya matumbo yaliyoachwa kwenye theluji, nao huja. Kila mtu Tolliver alijua jambo hilo. Akakumbuka friza. Wakaendelea.

Elki walikuwa kumi na mmoja, wakichimba majani chini ya theluji upande wa pili wa uwanda mdogo. Ardis alikadiria, kisha akakadiria tena. Hatua mia tatu na kitu.

Verlin alikuwa tayari amelala chini. "Kibali ni chako, nampiga mimi," alinong'ona. "Tunaandika jina lako. Nani atajua?"

Ingekuwa rahisi. Nyama ingefika nyumbani, naye asingekuwa ameua wala kujeruhi. Ila aliona mdomo wa ile bunduki kubwa, mbele kabisa, ukitetemeka kabla hata kidole hakijagusa.

"Hapana."

"Wataondoka, Ardis."

"Waondoke."

Verlin akaondoa jicho kwenye darubini, akaitoa risasi ndani na kuirudisha mfukoni.

Walitambaa kwa saa nzima. Theluji iliwaingia mikononi hadi kwenye viwiko, na upepo, ambao ungeweza kubadilika wakati wowote na kuwapelekea elki harufu yao, haukubadilika. Kwenye gogo lililoanguka Ardis aliweka kitako begani. Hatua mia na arobaini. Jike aliyekuwa pembeni aligeuka, akasimama akionyesha ubavu. Ardis alijiambia ni ganda tupu.

Halikuwa ganda. Mlio ulipiga mlima na kurudi. Jike alikunja mgongo, akakimbia na wenzake, na misonobari ikawameza wote.

"Umempata?"

"Sijui."

"Ulifumba macho?"

"Sijui, Verlin! Sijui!"

Desturi ni kusubiri nusu saa. Mnyama akifuatwa mapema huondoka na nguvu zake za mwisho, akiachwa hulala. Ardis aliketi juu ya gogo, saa ya mkononi mbele ya macho, na yule kulungu wa utotoni akamjia na taya lake. Nyuma yao kitawi kilivunjika. Wote wawili waligeuka, makopo mkononi. Theluji ilikuwa imemwagika kutoka mtini.

"Yule elki dume wa mwaka juzi," Verlin alisema ghafla, bila kumtazama. "Niliwaambia watu nimemkosa."

"Nakumbuka."

"Sikumkosa. Nilimpiga tumboni. Nilimtafuta siku mbili, halafu kazini wakaniita, theluji imefunga barabara. Siku ya nne nikipita na gari kule chini niliona kunguru juu ya ule mlima." Alisugua magoti. "Orrin alijua, unadhani?"

"Orrin hakuniambia kitu."

"Alijua."

Dakika tisa zilikuwa zimebaki. Hazikwenda. Ardis alisema, "Tusipompata leo, tutalala hapahapa."

"Na dubu?"

"Tutalala hapahapa."

Muda ulipotimia waliingia msituni. Hatua ishirini za kwanza hapakuwa na kitu ila nyayo. Kisha tone, halafu jingine, kisha mchirizi mwekundu mwepesi, wenye povu kama la maziwa yanayochemka. Verlin alipiga goti, akaligusa, akaonyesha kidole. "Mapafu," alisema. "Shemeji, mapafu hayo. Hafiki mbali."

Jike alikuwa amelala hatua thelathini mbele, miguu imejikunja kama aliyechoka tu. Ardis alimzunguka kwa nyuma, akagusa jicho lake kwa mdomo wa bunduki. Halikupepesa. Hapo akakaa kwenye theluji na kuweka mkono shingoni mwa mnyama, palipokuwa bado na joto.

Kibali hukatwa tundu kwenye mwezi na siku, papo hapo, kabla ya jambo lingine lolote. Alitoa kisu, akampa Verlin. Mikono ya Verlin ilikuwa ikitetemeka, na hakujaribu kuificha. Walishika karatasi pamoja, mmoja akiibana, mwingine akikata.

Walichuna haraka, kwa zamu: mmoja na kisu, mwingine amesimama akitazama miti. Mapaja na mabega waliyatundika juu, mbali na matumbo. Safari ya kwanza ya kushuka walibeba walichoweza. Zilibaki safari tatu, na njia ilikuwa moja tu, ile yenye nyayo.

"Nitangulie?" aliuliza Verlin.

"Twende sambamba. Na tuongee kwa nguvu, atusikie aondoke."

"Tuongee nini?"

"Chochote."

Wakashuka wakiinama chini ya mizigo. Verlin alifungua kinywa, akafunga, akafungua tena. Kisha akapiga kelele, akitazama mbele, kama anayemwambia dubu:

"Hiyo ya Bi Leota! Inaumiza bega?"

"Kidogo!" Ardis alijibu kwa sauti ileile, macho kwenye misonobari. "Inagonga tu!"

"Anaweza kuniazima?"

"Atakucheka kwanza!"

"Acha anicheke!" alipaza Verlin, na sauti yake ikapasuka katikati. Upande wa kulia, ndani kabisa ya miti, kitu kizito kilisogea, kikasimama. Hawakukimbia. Ardis alimshika mkono wa koti.

"Endelea," alimwambia. "Niambie hiyo hofu ilianza lini. Sema kwa nguvu."