Neno Moja Lililokaribia Kumtoa Mwalimu Elwai Darasani

Saa mbili na robo asubuhi, msichana wa kidato cha pili anatoka dawati la nyuma na kuuendea mlango wa darasa. Anautazama kama mtu mwenye kisasi nao cha siku nyingi. Anaushika, anaubamiza. Vumbi la chaki linadondoka kutoka juu ya ubao, na mikono inanyooshwa kila upande.

"Angrily," anajibu mmoja. Kwa hasira.

Mwalimu anakubali kwa kichwa, ananyanyua kopo la maziwa ya unga lililojaa vikaratasi. Kila kikaratasi kina kielezi kimoja cha Kiingereza, neno la kueleza namna tendo linavyofanyika. Mwanafunzi anachota, anasoma kimoyomoyo, kisha anafunga mlango kwa namna hiyo na wenzake wanabuni neno. Tangu kipindi kianze mlango umeshafungwa mara kumi na tisa: kwa upole, kwa woga, kwa uchovu, kwa mbwembwe.

Kutoka darasa la jirani, mwalimu wa Hisabati anagonga ukuta mara mbili.

"Leo amegonga 'politely'," mwalimu anawaambia wanafunzi. Kwa adabu. Jana, anaongeza, hakugonga hivyo.

Wanafunzi wanamwita Mwalimu Elwai, kwa sababu ya herufi L na Y anazozipigia mstari ubaoni kila siku. Ana miaka arobaini na tisa, ni mama wa watoto watatu, na anafundisha kwa mkataba wa miaka miwili miwili. Ana madarasa matatu, daftari 189 za kusahihisha, na vitabu vya sarufi kumi na vinane. Kopo ni la jikoni kwake.

Mume wake, fundi wa kuchomelea mageti, anasema nyumbani hata kijiko hakiwekwi mezani bila mtu kuulizwa amekiwekaje.

"Narudi jioni nimechoka, ananiuliza nimeingiaje," anasema fundi. "Namjibu, mama watoto, nimeingia kwa miguu."

Mambo ya kopo yalianza miaka mitatu iliyopita, baada ya mtihani mmoja. Mwalimu alikuwa amefundisha kanuni kama alivyofundishwa yeye: chukua neno la sifa, libandike L na Y mwishoni, umepata kielezi. "Slow" inakuwa "slowly". Wanafunzi waliishika kanuni kuliko alivyotarajia. Alipowapa sentensi "Mtoto amelala fofofo" waitafsiri, arobaini na mmoja waliandika kwamba mtoto amelala "fofofoly". Katika swali lililofuata, kobe mmoja alivuka barabara "polepoly".

"Nilicheka mpaka mume wangu akaja kuangalia kuna nini," anasimulia. "Halafu nikaona hawa watoto si wavivu. Wamenitii neno kwa neno. Mimi ndiye niliyewapa mkia bila kuwaonyesha mnyama mwenyewe."

Tangu siku hiyo anaanza na vielezi walivyo navyo tayari mdomoni. Kuanguka pu. Kunyamaza jii. Kulowa chapachapa. Kujaa pomoni. Mara ya kwanza walimjazia ubao mzima, wakaomba na wa nyuma. Kisha wanaigiza, na Kiingereza kinakuja mwisho, kikiwa na tahadhari zake: "friendly" ina L na Y lakini si kielezi, na "fast" haina mkia wowote na inakimbia vilevile. Wastani wa darasa ulipanda kutoka 31 hadi 58.

Lakini njia hiyo hiyo nusura imponze.

Mwaka jana mkaguzi wa elimu alifika shuleni bila taarifa. Alipofungua mlango wa kidato cha pili hakuona mtu. Neno lililokuwa limechotwa lilikuwa "secretly", kwa siri, na wanafunzi wote walikuwa chini ya madawati. Mwalimu mwenyewe alikuwa nyuma ya mlango ule ule alioufungua mkaguzi.

Mkaguzi aliketi nyuma dakika arobaini, akacheka hadi akafuta machozi, akaandika ripoti. Wakati wa kuaga alimshika mwalimu mkono kwa mikono yake yote miwili. Mwalimu alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba mkataba wake, uliokuwa ukingoni, umepona.

Wiki mbili baadaye mkuu wa shule alimwita ofisini na kumwonyesha ripoti. Mstari wa mwisho ulisema: "This teacher works hardly."

Mkaguzi alitaka kusema kwamba mwalimu huyu anafanya kazi kwa bidii. Ila kwa Kiingereza bidii hiyo ni "hard" tupu. Ukiipachika mkia inageuka karibu kinyume chake: mtu ambaye kumkuta akifanya kazi ni nadra. Mwenyekiti wa bodi ya shule, mfamasia mstaafu anayekijua Kiingereza sawasawa, alisoma kilichoandikwa, si kilichokusudiwa. Bodi iliamua mkataba usiongezwe.

Mwalimu alieleza kwamba mkaguzi amekosea. Mkuu wa shule alishusha sauti na kumuuliza kama yuko tayari kuandika barua ya kusema mkaguzi wa elimu hajui Kiingereza. Hakuwa tayari. Siku ya tatu mumewe alimwambia aende akamwone mkaguzi uso kwa uso, kabla nafasi haijapewa mtu mwingine.

Mkaguzi, aliyekubali kuzungumza na gazeti hili kwa sharti la kutotajwa, anasema mwalimu aliingia, akamwamkia, na wala hakuigusa habari ya ripoti. Aliomba tu msaada. Aliandika sentensi mbili kwenye karatasi, moja yenye "hard" na nyingine yenye "hardly", akamwomba aziigize.

Kwa sentensi ya kwanza mkaguzi alivua koti, akaandika hewani kana kwamba yuko ubaoni. Kwa ya pili alifanya vilevile, ila kwa kasi zaidi, mpaka akaangusha kikombe cha chai.

"Mimi nilisomea Jiografia," anasema. "Nilidhani 'hardly' ni 'hard' iliyoongezwa nguvu."

Mwalimu alimwomba aketi, kisha akaigiza ya pili yeye mwenyewe. Alivuta kiti, akanyoosha miguu, akafumba macho, akaachia kalamu ianguke sakafuni. Mkaguzi alimwangalia, akaiangalia karatasi, akamwangalia tena. Halafu akainuka taratibu kwenda kwenye kabati la mafaili.

"Mwalimu," alisema, "sentensi hii nimewaandikia watu kumi na mmoja."

Walifanya kazi hadi alasiri, mkaguzi akitafuta mafaili na mwalimu akisahihisha. Zilitoka barua kumi za masahihisho, ya kwanza ikiwa ya kwake. Ya kumi na moja haikuandikwa. Mkaguzi anasema alilisoma upya faili la mwalimu huyo wa kumi na moja, akakumbuka hali aliyomkuta nayo darasani, akaona sentensi ikae kama ilivyo.

Bodi iliongeza mkataba wiki hiyo hiyo.

Mwezi ujao, shule zikifungwa, Mwalimu Elwai ataendesha mafunzo ya siku tatu kwa walimu sitini wa Kiingereza. Mkaguzi ndiye aliyeyaomba. Itakuwa mara yake ya kwanza kufundisha watu wazima.

"Mtoto ukimwambia atambae, anatambaa. Mtu mzima anaangalia kwanza suruali yake," anasema. "Lakini kila mmoja wao ana watoto hamsini, sitini, wanaokariri kanuni bila kujua ya nini. Wakinielewa hawa, nataka tukutane kila likizo."

Ili kuwatoa aibu, amemwomba mkaguzi afungue mafunzo kwa kupita katikati ya ukumbi "gracefully", yaani kwa madaha. Mkaguzi ni mtu mnene, mwenye kitambi cha heshima. Katibu wake anasema bosi hufanya mazoezi kwenye korido kila mchana, na siku hizi hakuna anayetoka kwenda kula kabla hajapita.

"Nilimwona juzi," anasema mwalimu. "Bado kidogo, ila mikono ameshaipatia."