Mapigo ya Kitanda cha Tisa

Kazini walimwita Bi Mkubwa, ingawa alikuwa na miaka thelathini na minne tu, kwa vile hakuna aliyeweza kumharakisha. Aliandika programu za vile vidude vinavyofungwa kando ya vitanda vya hospitali kupima mapigo ya moyo.

Wodi ilipoletewa kompyuta mpya, sista mkuu alimpigia simu asubuhi.

"Mwanangu, njoo. Wagonjwa wangu wana mapigo elfu kumi na nane kwa dakika."

"Basi wameshapaa, sista."

"Usicheke. Kitanda cha tisa kinasoma sitini na moja, sawasawa kabisa. Na hakina mtu."

Bi Mkubwa alikuta godoro tupu, waya wa kupimia unaning'inia. Skrini ilisema hamsini na nane. Mara hamsini na tano.

Tatizo halikumchukua muda. Kidude kilituma namba ya kitanda, kikaruka nafasi moja, ndipo kikatuma mapigo. Chipu yake hupenda namba kubwa zianzie nafasi shufwa: sufuri, mbili, nne. Kompyuta mpya haikuwa na habari ya kuruka. Iliisoma ile nafasi tupu kama mwanzo wa mapigo, na kila kitu kikasogea.

"Tupu inapataje hamsini?" sista aliuliza.

"Hakuna anayeifuta. Inabaki na chochote kilichoandikwa humo zamani." Akageukia godoro. "Nani alilala hapa mwisho?"

"Mwalimu mmoja mstaafu. Alifia hapa Jumanne. Nilimshika mkono." Macho ya sista hayakubanduka kwenye skrini. "Alishuka hivyo hivyo."

Arubaini na nne. Arubaini.

Marekebisho yalikuwa tayari, kubonyeza tu. "Nizime?"

"Mwache amalize." Sista akavuta kiti, akaketi kando ya godoro.

Thelathini na moja. Kumi na tisa. Jua la saa nne lilikuwa limejaa dirishani. Kisha sufuri, sufuri, sufuri.

Sista akainuka, akatazama vitanda vingine, wagonjwa wakinywa chai na kupiga soga.

"Na hawa? Nafasi zao tupu zina nani?"

Bi Mkubwa alikuwa ameshaliwaza hilo. Alirudi kwenye programu, akaongeza mstari wa kujaza sufuri katika kila nafasi, kitanda kwa kitanda, ndipo akabonyeza.