Kiganja cha Mama Unga

Wanaocheka wacheke sasa, tumalizane. Ndiyo, dada yangu, mwanamke aliyekula chumvi nyingi, mwenye magoti yanayolia akiinuka, alipenda dabstep. Si kwaya, si zile nyimbo za mapenzi za ujana wetu. Dabstep, muziki ule wa kompyuta ambao ukiusikia mara ya kwanza unadhani kuna trekta linatapika nyuma ya nyumba. Mtaani walimsema mpaka ndimi zikachoka. Mara amechanganyikiwa, mara anajifanya kijana, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na akili ya kumuuliza mwenyewe. Mimi niliyeshinda naye kutwa kwenye vumbi la unga ndiye ninayejua, na nikiyakumbuka maneno yao natamani kumrushia mtu kitu.

Kazi yake ilikuwa kusaga. Chumba cha mashine kilikuwa cha bati, na kidirisha chake kimoja kiliziba kwa unga hata ukikifuta kila asubuhi. Mashine ilifungwa kwenye msingi wa zege: mota upande mmoja, mkanda uliofunikwa na bati, halafu lile tumbo la chuma ambamo nyundo huzunguka na kuponda mahindi. Yeye alimwaga mahindi juu, mimi nilikinga unga chini na kufunga mifuko. Wateja walimwita Mama Unga, maana nyusi, kope, hadi matundu ya pua, vyote vilikuwa vyeupe. Mumewe aliondoka zamani, akamwachia mtoto mmoja na ahadi hewa, na mashine ile ndiyo iliyomlisha huyo mtoto na kumsomesha.

Mashine hiyohiyo ikamla masikio. Ilianza kwa vitu vidogo ambavyo hakuna anayevijali. Kengele ya baiskeli. Ndege wa asubuhi. Kisha sauti za watoto, kisha za sisi wanawake, mwisho hata za wanaume. Daktari alimwambia sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kwenda, nzito zinabaki nyuma, na kwamba angeanza kuziba masikio akiwa kazini tangu zamani, yasingemkuta. Asante sana, daktari, tungekupata mapema! Basi dada akajifunza kusoma midomo. Ukimkabili, ukaongea taratibu, mnaelewana vizuri, tena atakutania mpaka ukimbie.

Mashine yenyewe aliisoma kwa kiganja. Aliweka mkono wa kulia ubavuni mwa lile tumbo la chuma, nyayo peku juu ya zege, na hapo alijua kila kitu: mahindi haya yana unyevu, beringi inataka grisi, nyundo moja imelika. Zaidi ya yote alijua ni lini imelala. Mashine ya kusaga ukiizima haitulii papo hapo. Nyundo zinaendelea kuzunguka kwa kasi yake, zikipungua kidogokidogo. Mwenye masikio anausikia mlio ukishuka. Dada aliweka kiganja, akangoja chuma kitulie kabisa, ndipo aingize mkono kwenye mdomo wa mashine na kutoa mahindi yaliyokwama. Kazi hiyo alikuwa ameizoea kama kufunga khanga, na hakuwahi kuifanya kwa pupa.

Sasa nimseme mwanawe. Wanamwita Mzito, kwa ajili ya besi za muziki wake. Ni mwanamume mzima, ndevu zimejaa kidevu, anaishi chumba cha nyuma nyumbani kwa mama yake, anatengeneza muziki kwenye kompyuta na kwenda kuupiga kwenye kumbi. Ni mpole, hana makuu, lakini haongei, anatafuna maneno. Akisema na mtu huinamisha kichwa, utadhani anaviuliza habari vidole vyake vya miguu. Mama yake akimtazama mdomo haoni kitu, anaona ndevu tu zikichezacheza.

"Amesema nini?" dada alikuwa akiniuliza kila mara.

"Anauliza, kuna sabuni?"

"Maneno yote yale, sabuni tu?"

Ikafika mahali wakawa wanaishi nyumba moja kama wapangaji. Na Mzito naye alikuwa na lake moyoni. Siku moja alinijia uani ninapofua, akasimama, akamung'unya.

"Ma'mdogo, mama hajawahi kusema neno juu ya muziki wangu. Hata kuutukana tu."

"We mtu, mama yako hasikii!"

"Watu wote mtaani wanaulalamikia. Yeye peke yake ndiye asiyeona hata kama upo."

Nilitaka kumcheka, lakini nikaona macho yake, nikaacha. Alikuwa anaumia kweli. Na mama yake ndani alikuwa anaumia vilevile, maana alikwisha kuniambia: masikio yakifungwa yafungwe, ameshakubali, lakini amsikie mwanawe angalau mara moja, ajue ni mtu gani amemlea. Alitaka hilo tu, na hakujua apitie wapi kulipata.

Likapatikana Jumapili mchana, kwa sababu ya yale magoti. Dada alikuwa amebeba nguo zilizokauka, anampelekea Mzito chumbani. Mwenyewe alikuwa ameupa mlango kisogo, amezama kwenye kompyuta. Pale sakafuni palikuwa na spika lake kubwa, limelazwa. Dada akaona kiti hicho, akakaa. Mzito akabonyeza.

Weee! Ukelele alioutoa niliusikia nikiwa uani. Nikakimbia nikijua ameumwa na nyoka. Nikakuta nguo zimetapakaa, dada amesimama katikati ya chumba, mkono kifuani.

"Kuna nani humo ndani?" aliuliza, anaonyesha spika.

Mzito aliogopa, akataka kuzima. Dada akamzuia. Akapiga magoti, hayo magoti yake, akaweka kiganja cha kulia juu ya ubao wa spika. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Machozi yakamtoka bila aibu yoyote.

"Ni wewe?" akamuuliza mwanawe. "Hii ni wewe?"

Mzito akaitikia kwa kichwa. Hilo alilisoma bila shida.

Tangu siku hiyo kukawa na shule chumba cha nyuma. Mimi nilifundishwa kwa maneno, dada kwa vidole. Mzito, nilikuja kugundua, akiongelea muziki wake ulimi unafunguka. Alinieleza kwamba muziki wa kompyuta una koo nyingi. Upo ule wa kurukaruka, ngoma inapiga sawasawa, moja mbili tatu nne, haipumui, mtu anacheza mpaka shati linamganda. Dabstep haina haraka hiyo. Ngoma yake inatembea kwa kuburura miguu, pigo moja zito, kisha nafasi tupu, na katika nafasi hiyo ndimo besi inamokaa. Besi yenyewe haisimami wima. Inayumba, inakoroma, inajikunja, inauliza na kujijibu. Halafu kuna mahali sauti zinaanza kupanda, zinabanana, zinapanda tena, mpaka unahisi kitu lazima kipasuke, na hapo ghafla anakata kila kitu. Kimya. Ukumbi mzima unashika pumzi. Kisha besi inaanguka.

"Na watu wanalipendea nini hilo janga?" nikamuuliza.

"Kule kungoja, Ma'mdogo. Wote mnajua itaanguka, na bado ikianguka inakupata. Na hakuna maneno. Hata usiyejua kusema, umesema."

Nikamtazama, nikaona kumbe mtu huyu ana akili. Sitasema naupenda, msinizushie. Lakini mabega yangu yalikwisha kunisaliti mara kadhaa nikiwa nakoroga unga, na nikageuka haraka kuona kama kuna aliyeniona.

Dada ndiye aliyezama. Kila jioni alikaa juu ya spika, kiganja kimetandazwa, macho kwa mwanawe. Mzito akiinua kidole, mama anajua kimya kinakuja. Kidole kikishuka, mwili wote unamruka, anacheka mpaka anashika mbavu. "Huyu alikuwa na hasira hapa," ataniambia. "Na hapa, sikiliza, hapa alikuwa mpweke." Nikimuuliza Mzito, anasema ni kweli. Miaka yote waliyokuwa kimya, wakaja kuongea kupitia ubao.

Mapenzi yakazidi, Mzito akataka kumtengenezea mama yake wimbo wake mwenyewe. Akaja kwenye chumba cha mashine na simu, akaurekodi mngurumo. Kurudi kwenye kompyuta akaupunguza kasi, akaukunja, akauyumbisha, akaufanya besi. Ukiwa na masikio ungesema umeuawa na kuzaliwa upya, haufanani na mashine. Lakini ukiweka kiganja, nilijaribu mimi mwenyewe, ilikuwa mashine yetu kabisa. Dada alipoupata mara ya kwanza alimkumbatia mwanawe, unga wote ukahamia kwenye ndevu.

Akataka uwe unapigwa kazini. "Nitashindaje kutwa bila wewe?" alimwambia. Mzito akaleta spika dogo kidogo, na dada mwenyewe akaonyesha pa kuliweka: juu ya ule msingi wa zege, ubavuni mwa mashine, ili nyayo zimpate. Wateja walikuja kutazama vioja. Dada alimwaga mahindi anatikisa mabega, Mzito akikaa mlangoni na simu yake anachagua nyimbo, wakitazamana mmoja anainua kidole, mwingine anacheka. Nilikuwa nanung'unikia kelele, maana masikio yangu mimi bado ninayo. Hatari hatukuiona. Sisi sote watatu tulijua jinsi anavyoisikiliza mashine ile, na hakuna aliyefikiria.

Siku yenyewe mahindi yalikuwa na unyevu. Yalikuwa yanakwama mdomoni mwa mashine tangu asubuhi, anazima, anatoa, anawasha. Ule wimbo wake ulikuwa unapiga. Yakakwama tena, akazima swichi, akaweka kiganja ubavuni. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga mfuko. Hapo simu ya Mzito ikaita. Ni mwenye ukumbi, alikuwa anamtafuta kwa kazi kubwa. Na simu hizi unazijua, ikiita muziki unakatika. Spika likanyamaza. Mzito akatoka nje kupokea. Nakumbuka nilishukuru moyoni kwamba kichwa kitapumzika.

Nyundo zilikuwa bado zinazunguka. Zege lilikuwa linatetemeka, chuma kinatetemeka, na dada yangu, kiganja ubavuni, alikuwa anatabasamu na kutikisa kichwa kwa mapigo ya wimbo uliokwisha kukatika. Niliinua macho nikamwona hivyo. Nikafungua kinywa kupiga kelele, na kelele zangu zilikuwa na maana gani kwake? Akaingiza mkono.

Yaliyofuata siyasimulii. Mkono wa kulia ulikatwa hospitalini juu kidogo ya kifundo, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuunganisha.

Alipozinduka wodini sisi wawili tulikuwa pembeni ya kitanda. Dada akalitazama lile fundo la bandeji muda mrefu. Kisha akamtafuta mwanawe kwa macho, akampata, na akasema kwa ile sauti yake ya juu ya mtu asiyejisikia:

"Nilidhani ni wewe."

Wallahi hakuwa anamlaumu. Namjua dada yangu, akilaumu unajua umelaumiwa. Alikuwa anamweleza tu ilivyokuwa, kama anavyokueleza mtu aliyekosea njia. Lakini Mzito alishika chuma cha kitanda, midomo ikamcheza ndani ya ndevu. Akatoka. Nilimfuata kwenye korido ya hospitali nikamwambia yote hayo, kwamba hakukusudia, kwamba mama yake hana kinyongo. Nilimwambia kwa upole, kisha kwa ukali. Ilikuwa kama kuongea na mlango.

Tuliporudi nyumbani maspika yote mawili hayakuwepo. Kompyuta alikuwa amempa mwenye ukumbi. Siku hizi Mzito ndiye anayesaga. Anamwaga mahindi juu, nakinga unga chini, nyusi zake nyeupe kama za mama yake, na nikimwambia azibe masikio haniitikii. Juzi nilimwita mara nyingi akiwa amenipa mgongo. Sijui hakutaka, sijui hakusikia, na naogopa kumuuliza.

Jioni nakwenda kumwogesha dada. Kitanda chake kimesogezwa hadi kwenye ukuta unaopakana na chumba cha nyuma, yeye mwenyewe aliomba. Jana nilimkuta ameegemea, kiganja cha kushoto kimetandazwa ukutani.

"Amerudi?" akaniuliza.

"Amerudi."

"Anapiga?"

Nikamtazama usoni ili anisome vizuri. "Hapigi, dada. Hana cha kupigia."

Akafikiri. Kisha akasema kwa sauti ambayo nyumba nzima iliipata, maana hajui tena sauti yake inafikia wapi:

"Mwambie nina mkono mwingine."

Ng'ambo ya ukuta nilisikia kitanda kikilia, mtu akiinuka. Nikasikia hatua, zikasimama, zikaenda. Mlango wa nyuma ukabamizwa, na ukuta wote ukatikisika.

Dada akageuka kunitazama, kiganja palepale, uso umemfunguka.

"Eeh," alisema. "Huyo, ameanza."