Tuzo Waliyomnyima Mchawi

Wahakiki wa televisheni waliozuka hapa Tanga miaka ile ya soko huria sikuwahi kuwaheshimu, na sitaanza leo. Magazeti yalikuwa yakizaliwa kila kukicha, na kila gazeti lilitaka mtu wa kusema mchezo upi mzuri na upi mbaya. Aliyeshindwa kuandika habari za mpira ndiye aliyepewa televisheni. Debe tupu haliachi kuvuma, na madebe hayo yalivuma kweli kweli.

Mimi nilianza kuigiza katika kikundi cha sanaa cha kiwanda, enzi za foleni za sabuni, tulipokuwa tukipanda jukwaani na nguo zilizofuliwa kwa majani ya mpapai. Kiwanda kilipofungwa, kikundi nacho kikafa. Baadaye watu wa televisheni wakatutafuta. Walitaka mchezo mfupi, wa wiki chache na kwisha, na nafasi kuu wakanipa mimi: mama mkwe mchawi anayemmaliza mke wa mwanawe kidogo kidogo.

Nilimcheza hasa. Sikutoa macho wala kupiga kelele. Nilimfanya mpole, mwingi wa kukaribisha watu chai, na uchawi wake nikaunong'ona kwa maneno ya Kibondei ambayo bibi yangu alikuwa akiwafukuzia kuku. Mji mzima ukaingiwa na hofu. Muuza nazi wa Ngamiani akawa ananiwekea nazi chini niiokote mwenyewe, asije akagusa mkono wangu. Nilicheka sana, mpaka jambo lenyewe lilipofika nyumbani kwangu.

Binti yangu alikuwa ameposwa na kijana wa Kipemba aliyefanya biashara ya Horohoro na Mombasa. Televisheni ya kwao aliipitisha mpakani yeye mwenyewe, na hiyo hiyo ndiyo mama yake aliyonitazamia. Mchezo ulipokwisha, mama yule akasimamisha kila kitu. Alituma watu waseme kwamba mwanawe hataoa katika nyumba yenye mambo. Binti yangu akaacha kula. Nilikwenda kumweleza mama yule kwa upole, nikarudi kumweleza kwa ukali, kwamba ile ilikuwa kazi. Alinisikiliza kwa adabu zote na asiamini hata neno moja.

Ndipo wahakiki wakatangaza kwamba watatoa tuzo, ikiwemo ya mwigizaji bora wa mchezo mfupi. Kwa mara ya kwanza maishani nikataka kitu kutoka kwao. Kibao chenyewe cha mbao ningekifanyia nini? Nilitaka tu nikakiweke mbele ya mama yule, nimwambie atazame, wenye kujua wamesema naigiza.

Mdhamini wa sherehe ya tuzo alikuwa mfanyabiashara wa sabuni za kutoka nje, ile ile sabuni iliyotutoa roho kwenye foleni. Mwenyekiti wa wahakiki, kijana wa tai pana, akasimama na kusoma kwamba tuzo inakwenda kwa yule ambaye kila mzazi angependa awe mkwe wake. Akapewa msichana aliyecheza mke wa mwanangu mchezoni. Mchezo mzima alilia kwa kujifunika uso na viganja, maana machozi yalikuwa hayamtoki. Mwenyekiti akaongeza kwamba si vyema kumtuza mtu mwovu mbele ya watoto. Upuuzi wa kiasi kile sikuwa nimeusikia hata kwenye mikutano ya kiwanda.

Kesho yake nilikwenda kwa mama yule hata hivyo. Alinipokea mlangoni, hakunipitisha ndani.

"Ungekuwa waigiza, dada yangu," akasema, "si wangekupa weye?"

Nilirudi nyumbani nikamkuta binti yangu amelala na chakula chake kimefunikwa vile vile.

Haukupita muda, alasiri moja, mwenyekiti yule akapiga hodi kwangu. Alikuwa amevaa miwani ya jua. "Shikamoo mama," akasema, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Akanieleza kwamba gazetini wanapunguza watu na jina lake linatajwatajwa. Akauliza kama ningeweza kumfanyia kitu kidogo ili mhariri amsahau. Nilidhani ananitania. Kisha nikaona hathubutu hata kuivua ile miwani, na dharau yangu yote ikapata pa kukaa.

Nikampa chai kwanza. Nikafunga majivu ya jikoni katika kitambaa, halafu nikamsomea maneno ya mchezo, yale yale, kwa sauti ile ile, mpaka kwenye kuku wa bibi yangu. Mtu huyu alikuwa ameyapima maneno hayo na kuyatolea hukumu, na hakulitambua hata moja. Aliitikia amina.

"Dawa ina sharti," nikamwambia. "Nenda kwa mama nitakayekuelekeza, useme mbele yake kwamba mimi ni mwigizaji tu, na kwamba tuzo ilikuwa yangu. Ukipunguza neno, dawa itakugeukia."

Alikwenda siku hiyo hiyo. Mama yule alinisimulia baadaye kwamba kijana aliongea huku jasho likimtiririka, akaapa, na yeye akaona mtu wa magazeti hawezi kujisumbua namna ile kwa ajili ya uongo. Harusi ikafungwa, na hofu ya mji ikaisha nayo. Leo akisafiri kwenda Pemba huniachia wajukuu, akinitania kwamba mchawi mpe mwana alee.

Mwenyekiti yule akiniona barabarani huvuka upande wa pili. Tanga nzima amebaki mtu mmoja tu anayeamini kwamba mimi ni mchawi, naye ndiye waliyemweka kupima uigizaji.