Tupa ya Fundi Zwickel

Gottlinde Haberkorn alizaliwa, akakua na kuzeekea Ulmbach, na wakati wa vita alifunga vifuniko vya injini katika kiwanda cha ndege cha mji huo. Ndege zile zilikwenda kuua watu. Alilijua hilo, na hakuwahi kujisifia. Wa kujisifu alikuwa msimamizi wake, Fundi Zwickel, mzee wa masharubu aliyekipiga tupa kila kifuniko mpaka kikae kwenye ndege yake barabara. Ubaya wake, hakikukaa kwenye nyingine yoyote, na mafundi wa kule vitani walikuwa wakitukana.

Amri ikaja: vifuniko vyote vilingane. Mkaguzi angekuja kuvijaribu kwa kuvibadilisha kutoka ndege moja hadi nyingine, na kimoja kikigoma, wanawake wote wa karakana wangehamishiwa kiwanda cha mbali. Gottlinde alikuwa na mama asiyeweza kushuka kitandani peke yake.

"Fundi, nakuomba, mikono mfukoni wiki hii."

"Binti, hebu ona huo mwanya! Panya anapita!"

"Apite tu, na watoto wake. Lete tupa."

Akampa, amenuna kama mtoto aliyenyang'anywa peremende.

Mkaguzi akafika. Kifuniko cha kwanza kikakaa kwenye ndege ya pili, cha pili kwenye ya tatu. Cha tatu kikagoma. Gottlinde akaona ukingo wake unang'aa, umepigwa tupa asubuhi hiyo hiyo.

"Kazi ya nani hii?" mkaguzi akafoka.

Zwickel akainama, akachomoa tupa nyingine kwenye buti. "Yangu. Hawa mabinti wamenikataza wiki nzima, mimi ndiye sisikii. Nihamishe mimi."

Mkaguzi alitaka mtu wa kulaumu, akatosheka. Zwickel akapelekwa stoo kuhesabu skrubu, wanawake wakabaki. Jioni Gottlinde alimpikia mama dengu huku akilia kwa furaha.

Vita vilipokwisha, Gottlinde alitengeneza sufuria kwa mabaki ya ndege, zote kwa kalibu moja, mfuniko wowote ukikaa kwenye sufuria yoyote. Mtaa mzima ulipikia humo. Siku moja Zwickel alikuja kuchukua yake. Akaigeuza, akafumba jicho moja.

"Binti, hapa pembeni pana kamwanya..."

"Vua buti, Fundi," Gottlinde akasema. "Zote mbili. Ndipo uingie jikoni kwangu."