Kushona Magunia Mizani Ikilala

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huko Chonyonyo, nilifika na suruali iliyopigwa pasi, nikakosa kazi ya kufanya. Msimu ulikuwa umekwisha. Mizani ilikuwa imefunikwa. Katibu wa chama, mtu wa Muleba mwenye sauti ya mhubiri, alinitazama akacheka.

"Kijana, kazi hapa ni ya miezi michache. Iliyobaki tunakaa. Unajua kukaa?"

"Najifunza haraka, mzee."

Sikujifunza. Wenzangu walicheza drafti kwa vizibo vya soda. Mimi, ambaye huhesabu kila kitu mara mbili, nikahesabu magunia. Mazima yalikuwa machache; yaliyotobolewa na panya yalijaza kona nzima. Na kahawa hupumua kwenye gunia la katani tu. Ukiisafirisha kwenye sandarusi, hivi viroba vya plastiki, hutoa jasho ikaota ukungu. Nikamwomba katibu shazia, ile sindano nene ya magunia, pamoja na kamba. Tukavutana, tukapatana: yeye anunue shazia, kamba nichambue mwenyewe kutoka magunia yaliyooza. Nilitoka ofisini nikijiona mshindi. Baadaye ndipo nilipogundua kuwa alikuwa amepata fundi bila kuongeza mshahara.

Nilipohamishiwa ghala la Kaisho nilikwenda na shazia zangu kwenye kopo. Huko nilimkuta Bagenda, mpimaji, bingwa wa drafti.

"Fundi wa panya," aliniita, "ukiziba yote, wenzako watapita wapi?"

Sikumchukia. Kukaa bila kazi kunachosha kuliko kubeba, na kila mtu ana dawa yake.

Nilishona mengi, lakini panya hawana likizo. Msimu mmoja, foleni ikiwa ndefu, magunia mazima yaliisha, na lori la kuleta mengine lilikuwa limekwama kwenye tope. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka upande wa Rwanda. Mwisho wa foleni alikaa Mama Kokwijuka, mjane kutoka Mabira, na kahawa yake imekwisha kukaguliwa. Getini mlanguzi alikuwa ameegemea pikipiki.

"Mama, mvua hiyo. Nusu bei si bora kuliko ukungu?"

Mama alianza kufunga kiroba chake, tayari kuondoka nacho.

Meneja wa chama akatoka. "Magunia yameisha. Waliobaki mrudi wiki ijayo."

"Hayajaisha, bwana meneja," nikasema. "Yameisha mazima."

Nikaburuta rundo la mabovu hadi uani, nikamwaga shazia kutoka kwenye kopo. "Ndugu zangu, si mnangoja? Basi ngojeni mkishona."

Watu wakacheka. Mama Kokwijuka akanyoosha mkono. "Waitu," alisema kwa lugha ya nyumbani, "mwanangu, nimeshona mikeka tangu sijaolewa. Lete hiyo."

Wengine wakafuata. Bagenda alitazama mizani isiyo na mzigo, akatazama drafti yake, akainuka. "Mtu asiguse kete zangu! Fundi wa panya, leo nakufunga kwa magunia."

Alinifunga kweli. Nilihesabu mara mbili. Na gunia la Mama Kokwijuka lilipoinuliwa kwenye mizani, matone ya kwanza yakapiga bati.

"Haya, mama, bei kamili," Bagenda akatangaza, kwa sauti ya kufika getini. Mlanguzi akapiga kiki pikipiki yake.

Tangu siku hiyo, shazia zilikaa karibu na mlango, na aliyekuwa kwenye foleni alishona akitaka, akapiga soga akitaka.

Sasa sote wawili tumestaafu. Jumapili baada ya ibada Bagenda huja kwangu tukacheza drafti. Hufikiri sana kabla ya kusogeza kete, nami huutumia muda huo kushona magunia ya maharage ya mke wangu.

"Cheza, fundi wa panya."

"Ngoja nizibe tundu hili."

Wiki iliyopita niliinua macho nikamkuta ameshika upande wa pili wa gunia, anavuta kamba. Tulipolimaliza, hakuna aliyekumbuka ilikuwa zamu ya nani.