Nilivyozika majembe, mchicha pori ukachukua shamba la mke wangu

Wakuu, nawasalimu. Wadogo zangu marahaba kabla hamjanipa shikamoo. Haya yalinipata mwenyewe, na sipunguzi kitu ili nionekane mwerevu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka binafsi ya pembejeo yalipoanza kufika hata huku kwetu Kongwa. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ananunua soya kwa ajili ya chakula cha kuku. Mimi, na kidato cha nne changu, nikajiona mtaalamu.

Shamba zuri halikuwa langu. Mke wangu, Mama Neema, alipewa na baba yake, akawa analima karanga. Nikaliomba kwa misimu michache.

"Sawa, Baba Neema. Ila unirudishie likiwa safi hivi hivi."

Nikanunua dawa ya magugu, ile inayoua majani na kuiacha soya. Msimu wa kwanza shamba likawa safi kama uwanja wa kanisa. Sifa zikanipanda kichwani. Nikatangaza kwamba palizi imekwisha, kwa hiyo majembe yetu manne yazikwe kwa heshima.

Msicheke bado.

Nilichinja mbuzi. Tukachimba kaburi pembeni mwa shamba. Mtani wangu Mgimba, Mhehe fundi baiskeli, akafanya kama watani wanavyofanya msibani: akalala kaburini, akakataa kutoka mpaka apewe paja. Akapewa. Nami nikasoma wasifu wa marehemu. Mama Neema peke yake hakula.

Kila msimu nikapulizia dawa ile ile. Wa pili, ukabaki mchicha pori kidogo. Wa tatu, mwingi. Nikaongeza dozi, wala haukushtuka. Nikaukata umeshakomaa, nikawapa mbuzi, kisha samadi yao nikaimwaga shambani. Yaani mbegu nilizirudisha kwa mikono yangu.

Msimu wa nne soya haikuonekana. Wanawake walikuja na vikapu kuchuma mboga, wakanishukuru kwa ukarimu.

Bwana shamba alipopita akaniuliza, "Dawa hiyo hiyo miaka yote?"

"Ndiyo. Dawa nzuri sana."

"Ndugu yangu, umeua wanyonge, wababe ukawaachia shamba wazaliane. Palilieni mchicha huu wote kabla haujamwaga mbegu, la sivyo mkeo atahangaika nao mpaka azeeke."

Maua yalikuwa yameshaanza. Nikakimbia kuazima majembe. Kila nyumba jibu lilikuwa moja: "Jembe? Si tulizika?"

Basi nikafukua, mchana kweupe. Mgimba akakusanya kijiji.

"Njooni muone Mgogo anafufua wafu! Nyama ya msiba tulikula. Leo tunataka ya ufufuo!"

Mbuzi wa pili akachinjwa. Mipini ilikuwa imeliwa yote na mchwa. Mgimba akachonga mipya huku anatafuna.

Mama Neema akachukua jembe la kwanza. "Mkishashiba, kazi ile pale," akawaambia. Kisha akanigeukia mbele ya wote: "Shamba nalichukua leo. Wewe utapalilia mpaka niseme basi."

Majirani wakaleta majembe yao, tukapalilia siku tatu. Soya tuliyopata haikujaza debe. Mwaka uliofuata akarudi kwenye karanga, mimi nikiwa kibarua wake. Ilichukua misimu mitatu kabla hajasema basi.

Nilichojifunza: dawa moja kila mwaka inakuchagulia magugu sugu. Badilisha dawa, badilisha zao, na yanayobaki yang'oe kabla hayajazaa.

Jambo moja sijawahi kulisema. Ule msimu wa pili, mchicha ulipobaki kidogo, Mama Neema aliniambia, "Twende tuung'oe kwa mikono, kazi ya asubuhi moja." Nikamjibu kwamba amepitwa na wakati. Sasa ni marehemu, na kwa neno lile sikumwomba radhi.

Mnaolima soya siku hizi, mnabadilishaje dawa, na baada ya soya mnapanda nini? Andikeni hapa, wengine wasome. Na wa kunicheka pia karibuni, nimeshazoea.